Sungura wa Malakisi

“Kimbia mizunguko miwili kama mwizi, halafu ufe.”

Maneno hayo niliambiwa na mwalimu wetu wa michezo Jumamosi moja asubuhi, Februari 2011, nyuma ya darasa la Fomu Tatu, nikifunga kamba za raba za kuazima. Zilikuwa mbio za nyika za shule za upande wetu wa Malakisi. Kilomita kumi, mizunguko mitano ya kilomita mbili mbili: unatoka uwanjani, unashuka hadi mtoni, unapita kando ya shamba la tumbaku na tanuri lake la kukaushia, halafu unapanda barabara ya murram huku Mlima Elgon umekukodolea macho kama mzee aliyenyimwa chai. Watatu wa kwanza wangesonga mbele. Shule yetu ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuaminika, na hakuwa mimi. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa khocha, mjomba wangu upande wa mama. Tulitahiriwa Agosti moja, 2006, kwa hivyo kwetu sisi ni zaidi ya mabinamu. Ni bakoki.

Tatizo lilikuwa vijana wawili wa shule moja ya huko juu mlimani. Hao walikuwa na mwisho mkali. Unakimbia nao kilomita tisa mkiwa sawa kabisa, halafu ile ya kumi wanakuaga. Mwalimu alikuwa amewasoma. Alijua kwamba hawamwogopi mtu, na kwamba wakiona mtu ametoroka mbele lazima wamfuate. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kutoroka. Wao wanifuate, wachome mafuta yao mapema, na binamu yangu akae nyuma ametulia, akiwangojea walainike.

Nilikimbia mizunguko miwili kama mwizi. Kwa dakika kama kumi na mbili hivi nilikuwa mtu wa kwanza katika dunia nzima niliyoijua. Watoto walikimbia kando yangu wakipiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji alisimama akaweka mkono kiunoni kuniangalia. Kisha nikafa, kama nilivyoagizwa. Mzunguko wa tatu sikumbuki vizuri. Wa nne nilitembea sehemu. Mmoja wa wale vijana alitoka kwenye mbio ameshika mbavu. Mwenzake alipitwa na binamu yangu zimebaki mita mia mbili hivi, akamaliza wa nne. Binamu yangu wa tatu. Mimi nilimaliza wa 41, na aliyekuwa akiandika nambari mwishoni alikuwa tayari ameanza kukunja meza.

Kutoka hapo maisha ya binamu yangu yalifuata njia ambayo vijana wengi wa kwetu huiota. Akaenda mbele, akaonekana, akapata karo, na alipomaliza shule akaajiriwa na kikosi kimoja cha usalama ambacho hupenda wakimbiaji. Leo ana nyumba ya mawe na ng'ombe wa gredi. Mimi niko Nairobi, naandika ripoti ambazo mtu mwingine huweka sahihi. Sisemi hivyo kulalamika. Sawa, nasema hivyo kulalamika kidogo.

Swali ambalo limenikaa kwa miaka kumi na kitu ni hili: mtu anayekimbia ili mwingine ashinde, anafanya jambo zuri, au anatumiwa? Na je, kuna mtu mwingine anayedhulumiwa pale ambaye hatumwoni kwa sababu macho yetu yote yako kwa hao wawili?

Kabla ya kumrudia binamu yangu, acha niende mbali kidogo. Machi 28, 1903, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Hamilton Park huko Uskoti, timu nne zilikutana: Uingereza, Uskoti, Wales na Ayalandi. Ndiyo yalikuwa mashindano ya kwanza ya kimataifa ya nyika ya aina yake, yale yaliyokuja baadaye kuzaa Mbio za Nyika za Dunia, zilizoanza 1973 mjini Waregem, Ubelgiji. Aliyeshinda 1903 alikuwa Mwingereza mmoja mfupi, Alfred Shrubb, na mwaka uliofuata akashinda tena. Mwaka wa 1905 wenye mchezo wakamfungia maisha asishindane tena na wakimbiaji wa ridhaa, kwa sababu alikuwa amepokea pesa. Wakati huo kukimbia kulikuwa jambo la heshima mradi tu usile kutokana nalo. Mwambie hivyo kijana wa Kapsokwony leo uone atakavyokuangalia.

Lakini si Shrubb aliyenivutia kwenye habari za mbio zile. Ni hesabu yake. Mbio za nyika huhesabiwa kwa namna ya ajabu. Timu haishindi kwa sababu mtu wake amefika wa kwanza. Zilijumlishwa nafasi za watu sita wa kila timu, na jumla ndogo ndiyo iliyoshinda. Sita wako wakichukua nafasi sita za kwanza, una pointi 21, na hakuna anayeweza kufanya vizuri kuliko hapo. Fikiria maana yake. Mtu wako wa sita, huyo anayepanda kilima ulimi nje, ambaye hakuna mpiga picha anayemngoja, kila anayempita anapunguza nambari moja kwenye jumla ya nchi nzima.

Wakenya tuliielewa hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Kuanzia 1986 hadi 2003 timu ya wanaume ya Kenya ilishinda Mbio za Nyika za Dunia mara 18 mfululizo. Mwaka wa 1988 kule Auckland, New Zealand, Wakenya walichukua nafasi nane kati ya tisa za kwanza. Jumla ya sita wetu ilikuwa 23. Mbili tu zaidi ya ukamilifu! Kila mtu anamjua aliyeshinda siku ile, John Ngugi, aliyetwaa taji hilo mara tano. Sasa uliza mezani, hapo mlipokaa na chai, ni nani alikuwa Mkenya wa sita. Hakuna atakayejibu. Lakini yumo. Jina lake limo kwenye orodha, nambari yake imo kwenye ile 23, na ukimwondoa jumla inaharibika. Alisaidia kwa kufika.

Sungura husaidia kwa kutofika. Naona hapo ndipo jambo lote lilipojificha, na nilichukua muda mrefu kuliona.

Kwanza hili jina lenyewe. Redioni utasikia wakisema mdhibiti kasi, lakini kambini na barabarani watu husema sungura, neno tulilolichukua kwa Wazungu na kulitafsiri bila kufikiri. Kwa sababu kwa sisi tuliolelewa na hadithi za jioni, sungura si mtu wa kutumwa. Sungura ndiye anayewatuma wengine. Ndiye humdanganya fisi, humpanda simba, hula karanga za watu na kumwachia mwingine kesi. Kwenye riadha tumemchukua yule mjanja tukamgeuza kuwa ndiye anayechezwa. Nyanya yangu angecheka mpaka akae chini.

Sasa, ukitoka Malakisi ukauzunguka mlima kuelekea pande za Kitale, unaingia nchi ya mtu ambaye kesi yake ni kubwa kuliko yangu mara elfu. Ben Jipcho alizaliwa 1943 pande za Mlima Elgon, na baadaye akafanya ukulima Trans Nzoia. Oktoba 20, 1968, akiwa na umri wa miaka 25, alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 1500 ya Olimpiki mjini Mexico City. Kando yake alikuwepo Kipchoge Keino. Mbele yao wote, kwenye vichwa vya watu, alikuwepo Mmarekani Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia, mtu ambaye hakuwa ameshindwa kwenye umbali huo kwa zaidi ya miaka mitatu. Ryun alikuwa na mwisho mkali. Ukifika naye mita 300 za mwisho mkiwa pamoja, umekwisha. Unaona tunakokwenda.

Jipcho alitoka kama mwizi. Mzunguko wa kwanza sekunde 56, mjini ambako hewa ni nyembamba, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Keino akaipokea kasi hiyo na kuendelea nayo. Ryun alibaki nyuma akingoja watu wa mbele wafe, na kwa kweli mmoja alikufa, lakini si yule aliyemtaka. Keino alishinda kwa karibu sekunde tatu, pengo la kutisha kwa mbio kama hizo. Ryun wa pili. Jipcho wa kumi.

Siku hiyo ilikuwa Siku ya Kenyatta. Jamhuri ilikuwa haijafikisha miaka minne. Ukitaka kumwambia kijana wa 1968 kwamba nafasi ya kumi ni hasara wakati bendera inapanda juu, nakutakia kila la heri.

Lakini ni jambo alilolifanya baadaye linalonizuia kulala. Miaka ilipopita, Jipcho alimwomba Ryun msamaha kwa kujitoa mhanga ili Keino ashinde.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema, huyu mzee anamwombaje msamaha Mmarekani? Kama kuna mtu wa kuombwa msamaha hapa ni Jipcho mwenyewe! Aombwe na waliopanga, aombwe na sisi sote tuliofurahia dhahabu ile bila kutaja jina lake. Na si kwamba hakuwa mkimbiaji wa kweli. Miaka minne baadaye, Munich, alichukua fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino huyo huyo. Mwaka wa 1973 akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka wa 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, akapata dhahabu mbili na shaba moja. Kisha akageukia mbio za kulipwa kule Marekani, na kwa sheria za enzi hiyo hilo lilimfungia mlango wa Olimpiki, kama Shrubb alivyofungiwa miaka sabini kabla yake. (Kenya haikushiriki Montreal 1976 wala Moscow 1980, kwa hivyo mlango wenyewe ulikuwa umefungwa hata kwa waliobaki. Historia ina dharau zake.) Alifariki Julai 2020, na hata siku hiyo taarifa nyingi zilianza na ile fainali ya Mexico. Yaani mtu amevunja rekodi ya dunia, na bado tunamkumbuka kwa dakika nne alizomfanyia mwenzake kazi.

Kwa hivyo kwa muda mrefu msimamo wangu ulikuwa huu: sungura ni mtu aliyetumiwa. Kuna Mjerumani, Immanuel Kant, aliyeandika mwaka wa 1785 kwamba usimfanye mtu kuwa chombo tu cha kufikia unachokitaka. Nilipofundishwa hayo chuoni nilikaribia kusimama kwenye kiti. Nilimwona mwalimu wangu wa michezo, nyuma ya lile darasa, na mimi nikiwa jembe mkononi mwake. Nikaanza kuzichukia hata methali. Umoja ni nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nikiwauliza marafiki zangu: umewahi kumsikia aliyefika wa 41 akisema hizo? Husemwa na kidole kilichobaki na chawa.

Lakini Kant ni mwangalifu. Neno lenye uzito pale ni “tu”. Dereva wa matatu ni chombo changu cha kufika mjini, na mimi ni chombo chake cha kulipa mkopo, na hakuna aliyedhulumiwa. Oktoba 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 akizungukwa na wadhibiti kasi 41 waliopokezana. Walikuwa watu wakubwa, wengine wenye medali zao wenyewe. Walikubali, walilipwa, majina yao yalitangazwa, na mwishoni walimwachia njia huku wakirukaruka kwa furaha. Nilikuwa kwenye baa moja Nairobi nikilia kama mtoto. Sikumwona mtu yeyote aliyetumiwa pale. Muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi, na kila mtu alijua hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyedanganywa.

Na kuna masungura walioasi. Mwaka wa 1994 kule Los Angeles, Paul Pilkington aliajiriwa kuongoza maratoni kwa sehemu tu kisha atoke. Akaona wengine wako mbali nyuma, akaendelea, akashinda, akaondoka na gari. Mwenzetu Simon Biwott alifanya vilevile Berlin mwaka wa 2000. Nawapenda sana watu hawa. Lakini ile ya Los Angeles ina kitu kinachoniwasha: Mwitaliano aliyemaliza wa pili, Luca Barzaghi, alidhani ameshinda. Alidhani sungura alishatoka zamani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa msamaha wa Jipcho.

Fikiria mnaposimama kwenye mstari. Hakuna anayesema neno, lakini kila mmoja amewaahidi wenzake kitu kimoja: kwamba naye anajaribu kushinda. Mengine yote yanasimama juu ya hilo. Ukitoka mbele mapema, nauliza, huyu anaweza kweli? Nimfuate au nimwache? Maamuzi yangu yote nayafanya nikiamini kwamba miguu yako inasema kweli. Sasa, sungura aliyetangazwa hajadanganya mtu. Kila mtu anajua kazi yake, wengi huvaa hata nambari tofauti. Lakini sungura wa siri, huyo anadanganya kwa miguu. Jipcho hakuvunja sheria yoyote, na wala sidai kwamba Keino asingeshinda bila yeye. Lakini Ryun aliingia kwenye mbio za mtu mmoja mmoja na kukuta wawili wamekuja kama mmoja. Nadhani mzee Jipcho aliliona hilo, akaona pia kwamba yule aliyeumia hakuwa yeye peke yake. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa ajili yake, kumbe yeye alikuwa amenipita mbali.

Kinyume chake kilitokea Desemba 2012 katika mbio za nyika pale Burlada, kaskazini mwa Uhispania. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametoka kuchukua shaba ya kuruka viunzi London, alikuwa anaongoza. Alipokaribia mwisho akadhani ameshamaliza, akasimama kabla ya mstari. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake akapunguza mwendo, akamwonyesha kwa mikono kwamba mstari uko mbele, akamwacha avuke. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa zamani wa maratoni, alisema yeye mwenyewe asingefanya hivyo. Watu wengi huisimulia habari hii kama habari ya wema. Mimi naiona zaidi kama habari ya ukweli. Fernández hakutaka kushinda kwa sababu mwenzake ameamini jambo lisilo kweli. Basi.

Na mimi? Mimi nilikuwa ndilo lile jambo lisilo kweli. Nilikimbia mizunguko miwili nikiwa uongo wenye raba za kuazima.

Sasa turudi Malakisi. Desemba 2023 tulimzika yule mwalimu wa michezo. Hema tatu, kwaya, wanasiasa wawili waliochelewa, jua la kupasua kichwa. Msemaji mmoja baada ya mwingine alisimama kusema jinsi marehemu alivyolea mabingwa. Kisha binamu yangu akaitwa kwenye maikrofoni. Akasimama na suti yake nzuri, akasema kwamba bila Mwalimu asingekuwa chochote, kwamba siku ile ya 2011 Mwalimu alimwambia jambo moja tu: “Usiwe na haraka. Wataisha wenyewe.” Watu wakapiga makofi.

Wataisha wenyewe.

Tulipokuwa tumekaa nyuma ya jiko na sahani za wali, nilimwambia. Sitasema nilimwambia kwa sababu ya ukweli. Nilikuwa nimekunywa kitu kidogo, na nilikuwa na wivu. Nilimwambia hawakuisha wenyewe. Nilimwambia habari ya nyuma ya darasa, neno kwa neno.

Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili: acheke na kunipiga begani, au anishukuru. Alifanya la tatu. Aliweka sahani chini.

“Mimi nilijua nimekushinda tu,” akasema.

“Si ulinishinda.”

“Hapana, skiza. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia vijana, kuna binamu yangu alikuwa ananishinda mazoezini, siku ya mbio akatoka na kasi ya ujinga, mimi nikatulia. Nawaambia hiyo ndiyo siku nilijifunza kutulia. Sasa unaniambia nilijifunza nini?”

Sikuwa na jibu. Jambo moja ambalo hata mara moja halikuwa limenijia kichwani ni kwamba yeye pia alikuwa ametumiwa. Mwalimu hakumwambia. Alimpa ushindi wake ukiwa na shimo ndani, akaufunika, na mtu akajenga maisha juu yake. Biblia inasema sadaka itolewe kwa siri, na kukhu wangu, ambaye alikuwa wa kanisa la Friends na aliamini katika kunyamaza kuliko mtu yeyote ninayemjua, angesema nilipaswa kufa na siri hiyo. Lakini siri ya sadaka ni ya mtoaji. Mimi sikutoa. Nilichukuliwa, nikiwa na miaka kumi na saba, na mtu niliyemwogopa. Na binamu yangu hakupokea. Aliwekewa mfukoni. Katika ule mpango mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua alichokifanya, na alikuwa kwenye jeneza, mita hamsini kutoka pale tulipokaa, akisifiwa.

Simchukii mwalimu. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa na shule isiyo na maji, vijana arobaini, na mlango mmoja mwembamba ambao ungeweza kumpitisha mmoja wao. Alifanya hesabu. Pengine mimi ningefanya ile ile. Ninachomlaumu ni kwamba alituhesabu bila kutuonyesha daftari. Angetuita wawili, akasema, wewe utakimbia hivi kwa ajili ya huyu, na huyu ajue, nadhani ningekimbia vizuri zaidi. Ningekuwa na kitu cha kukumbuka katika mzunguko wa tatu zaidi ya maumivu. Na tungebaki na lile la vijana wa mlimani, ambalo hata mpango wa wazi kati yetu usingelitatua, maana wao wasingeambiwa vyovyote.

Tuliachana vibaya siku ile. Yeye alirudi kazini, mimi nikapanda Probox hadi Bungoma na basi la usiku hadi Nairobi. Wiki tatu hakunijibu kwenye simu. Nilifikiri nimempoteza bakoki wangu kwa ajili ya mizunguko miwili, nikajiambia ndiyo bei ya ukweli, kisha nikajiuliza ni nani aliyenituma kununua.

Halafu usiku mmoja wa Januari akapiga. Hakuwa na salamu nyingi.

“Yule kijana alimaliza wa nne. Unamkumbuka?”

“Namkumbuka.”

“Unajua yuko wapi saa hii?”

Nikamwambia sijui.

“Mimi najua. Anauza vipuri vya pikipiki pale Kimilili. Miaka mingi nanunua kwake. Huwa ananipunguzia bei, anasema mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumpita mwishoni.”

Nikanyamaza. Nyuma yake nilisikia mbwa akibweka na mtu akifunga geti.

“Kesho naenda Kimilili kuchukua cheni,” akasema. “Sasa wewe niambie, nikifika pale nimwambie nini?”